Kwanza B yangu ina madarasa matatu ndani yake

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa kiume, miaka 28, niko sekondari ya kata chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Nafundisha Kiingereza na Historia. Niliajiriwa mwaka jana baada ya kukaa mtaani miaka minne nikiuza vocha na kufundisha tuisheni, kwa hiyo hata kazi yenyewe bado naizoea. Januari hii nimekabidhiwa Kidato cha Kwanza B niwe mwalimu wa darasa. Ni mara yangu ya kwanza.

Wako 83, wasichana 45 na wavulana 38, na kila wiki bado anaripoti mmoja au wawili waliokuwa wanasubiri sare. Wametoka shule sita za msingi. Kuna wa hapa senta, barabarani. Kuna wa mlimani, wanaoshuka kwa miguu saa nzima na zaidi kila asubuhi. Halafu kuna kumi na mmoja waliosoma shule ya binafsi ya Kiingereza, ambao wenzao wanawaita "wa medium". Wa mlimani nao wamebandikwa jina la "Mikungu", kwa sababu wazazi wao hushusha ndizi gulioni.

Siku ya kwanza nilifanya tulivyofundishwa chuoni. Kila mmoja alisimama mbele akajitambulisha kwa Kiingereza: jina, shule aliyotoka na kazi anayotaka kufanya akiwa mkubwa. Wa medium walitiririka. Ikafika zamu ya binti mmoja wa mlimani, akajichanganya kwenye sentensi ya kwanza, akataja jina lake mara mbili, akanyamaza. Darasa zima likaangua kicheko. Nilikemea palepale, nikawaambia si vizuri kumcheka mwenzao. Tangu siku hiyo hajafungua mdomo darasani, na kuanzia wiki iliyofuata anakuja siku tatu kati ya tano.

Kwa kuwa darasa ni kubwa, niliunda vikundi kumi na kimoja na kila kikundi nikakipa kiongozi wa medium, maana ndio wanaoshika maelekezo haraka. Nimewakalisha mbele wanisaidie kutafsiri. Monita pia ni mmoja wao, kijana mchangamfu, na kila jioni ananiletea orodha ya wapiga kelele. Ninazo zote kwenye droo. Karibu majina yote ni ya Mikungu (niwie radhi, hata mimi nimeanza kuwaita hivyo kichwani).

Wiki iliyopita walipigania kiti. Viti vyetu havitoshi, tumeviandika namba kwa rangi, na kiti cha F1B 23 kilitoweka usiku. Mwenye kiti, mvulana wa mlimani, alimkuta mwenzake wa senta amekalia kiti kilichokwanguliwa namba, akadai ndicho chake. Wakakunjana mashati. Dakika haikuisha darasa likawa pande mbili, na wa medium wamepanda juu ya meza kutazama.

Makamu mkuu wa shule ananiambia nimewalegezea kamba. "Ukicheka na nyani utavuna mabua," ndiyo kauli yake. Anataka niwachape darasa zima, halafu nianzishe kibao kama vidato vingine: kipande cha mbao chenye kamba, anavalishwa shingoni anayekutwa akiongea Kiswahili, naye anazunguka nacho mpaka amkamate mwingine wa kumvalisha. Roho yangu inakataa, lakini sina hoja. Yeye ana miaka ishirini kazini, mimi sijatimiza hata mmoja na nusu.

Mwalimu, nimekosea wapi? Bado naweza kulifanya liwe darasa moja, au nimeshachelewa?

Mwalimu wa Kwanza B, Morogoro


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Hujachelewa. Wiki ya nne bado ni asubuhi.

Kwanza nikutue mzigo usio wako. Mkondo mmoja wa sekondari unatakiwa uwe na wanafunzi 40. Wewe umepewa mikondo miwili ndani ya chumba kimoja na viti visivyotosha hata mmoja na nusu. Ada ilipofutwa Januari 2016 mimi nilishangilia, kwa sababu nilishawaona kwa macho yangu watoto wanaobaki nyumbani kwa kukosa shilingi 20,000 ya mwaka. Watoto wakaja. Vyumba, viti na walimu vikawa vinawafuata nyuma kwa kuchechemea. Kwa hiyo mtu akikuambia darasa lako limejaa vurugu kwa sababu wewe ni mpole, mwambie aje akae humo kipindi cha saa saba mchana, jua likiwa juu ya bati.

Sasa tuje kwenye mzigo ulio wako. Rudia kuisoma barua yako kana kwamba imeandikwa na mwenzako, halafu uniambie ni nani aliyeligawa darasa hili. Watoto walifika getini wakiwa na madaraja sita ya shule walizotoka, hilo ni kweli. Lakini siku ya kwanza, saa ya kwanza, wewe ndiye uliyewasimamisha mmoja mmoja watangaze mbele ya wageni 82 shule walizotoka, kwa lugha ambayo kumi na mmoja tu ndio wenye nayo. Hiyo haikuwa salamu, mwanangu, ulikuwa mtihani wa kuongea, na matokeo yakabandikwa papo hapo. Kisha ukawachukua waliofaulu ukawakalisha mbele, ukawapa vikundi vyote kumi na kimoja, ukampa mmoja wao umonita na kalamu ya kuandika majina ya wengine. Mtoto wa mlimani hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba shule hii ina wenyewe. Aliona.

Sikusemi kwa kukudharau. Mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa miaka ya sabini, wale mnaotutania kwamba herufi zetu maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Nilianza kazi mwaka 1979 nikiwa na miaka 19, na makosa nitakayokutajia humu nimeyafanya yote kwa mkono wangu kabla wewe hujazaliwa.

Anza na majina. Najua utasema 83 ni wengi. Ni wengi kuyajua yote siku moja, lakini kumi na mawili kwa siku yanawezekana, na ukienda hivyo siku saba za shule hazijapita umemaliza. Fungua karatasi mbili za katikati ya daftari, chora meza zote kama zilivyopangwa, kila kiboksi na jina lake. Waambie kwa wiki mbili hakuna kuhama kiti. Asubuhi, kabla ya paredi, yapitie yale kumi na mawili ya leo. Halafu fanya jambo moja ambalo walimu wengi tunamwachia monita: gawa madaftari mwenyewe. Usiite kutoka mbele. Tembea nayo mkononi, umfikie mtoto, umtazame usoni, utaje jina, umpe. Ukikosea atakusahihisha, na atafurahi kukusahihisha. Utatumia dakika kumi, siku ya tatu zitakuwa sita.

Na muulize kila mmoja anapenda aitwe nani. Daftari la mahudhurio lina majina matatu yaliyoandikwa na karani, na ninajua watoto walioitwa mwezi mzima kwa jina ambalo nyumbani kwao halijawahi kutamkwa. Mtoto anachelewa kuitika, mwalimu anadhani ni kiburi. "Wewe wa kule nyuma" lifute kinywani mwako kabisa. Lile la Mikungu nalo, umefanya vizuri kuniungamia mimi, sasa litoe kichwani. Usilipige marufuku kwa hotuba, maana utakuwa umelitangaza. Wewe waite kwa majina yao, kila siku, kwa sauti, na jina la utani litabaki bila mwenyeji.

Sasa nikupe kitu ninachokipenda kuliko vyote. Kitendawili.

Usicheke. Ingia darasani Jumatatu, usifungue kitabu, simama katikati na siyo mbele, useme: "Kitendawili!" Sauti themanini zitakujibu "Tega!" kabla hazijajua zimejibu. Hilo peke yake ni jambo la kwanza ambalo Kwanza B itakuwa imelifanya pamoja tangu Januari. Tega kimoja rahisi: nyumba yangu haina mlango. Watapiga kelele kuwa ni yai. Tega cha pili: mzungu katoka Ulaya na mkono kiunoni. Kikombe. Halafu nyamaza, uwaulize nani ana cha kwake. Sasa tazama mikono inatoka upande gani. Mtoto aliyelala kwa bibi yake mlimani ana vitendawili kama ana karanga mfukoni. Wa medium watageukiana. Wakishindwa, mtegaji atadai mji, nao watampa Dodoma, hataki, watampa Mwanza, atakubali, atajisifu alivyofika huko na alivyopokewa, ndipo atoe jibu. Mtoto aliyekuwa hana hata kiti, sasa amepewa Mwanza nzima.

Hapo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ndiyo itakayomnyamazisha makamu wako, kwa sababu ni somo la Kiingereza. Waweke saba saba au wanane wanane, waliochanganyika, na kila kikundi kichague kitendawili kimoja kikiandike kwa Kiingereza ili kisomwe kesho. Chukua hiki: kuku wangu katagia mwibani. Jibu ni nanasi. Wa medium analijua neno la Kiingereza la kuku, pengine na la kutaga. Lakini kwa nini mwibani? Yeye nanasi amelikuta limemenywa kwenye sahani. Aliyepanda mananasi na baba yake ndiye anayejua linavyokaa katikati ya majani yenye meno, na itabidi amweleze, na mwenzake itabidi amuulize tena mpaka aelewe, la sivyo hawezi kuandika. Mmoja ana jambo, mwingine ana neno. Hakuna atakayemaliza peke yake.

Hili halikubuniwa na mimi. Mwaka 1971 mjini Austin, Texas, shule zilizokuwa zimewatenga watoto weusi na weupe zilipolazimishwa kuwachanganya, madarasa yaligeuka uwanja wa ugomvi. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waliitwa kusaidia. Walichokiona ni kwamba watoto walikuwa wanashindania jicho la mwalimu, na wale wale walikuwa wanashinda kila siku. Basi wakalikata somo vipande, kila mtoto kwenye kikundi akapewa kipande kimoja awafundishe wenzake, na mtihani ukawa wa somo zima. Aronson anasimulia habari za mvulana mmoja wa asili ya Meksiko ambaye Kiingereza kilikuwa kinampa tabu na wenzake wakimdhihaki. Msimamizi wa kikundi hakuwakemea. Aliwakumbusha tu kwamba mtihani ni wa vipande vyote, na kile cha mwenzao anacho yeye tu. Wakaacha kumcheka wakaanza kumuuliza maswali, maana walikihitaji. Wewe ulikemea, na kukemea ni haki yako, lakini kicheko ulichokikemea mbele yako kilihamia chooni na njiani.

Una bahati nyingine hujaitumia: unafundisha Historia. Kwenye Historia ya Tanzania na Maadili lugha ni Kiswahili, hapo wa medium hana ngazi ya kupandia. Mtoto aliyesikia habari za akina Kingalu, machifu wa Waluguru, kutoka kwa babu yake ana cha kusema kuliko wewe uliyehamishiwa Uluguru mwaka jana. Mpe nafasi aseme.

Uongozi wa vikundi uzungushe kila wiki mbili. Watakuwepo viongozi wabovu, uvumilie. Na vikundi vya usafi viwe hivyo hivyo vilivyochanganyika: ndoo moja, dekio moja, fagio mbili za chelewa. Sijawahi kuona hotuba ya umoja inayoizidi ndoo ya maji iliyobebwa na wawili.

Nimefika kwenye ile droo yako.

Mwaka 1983 nilikuwa na Darasa la Nne, watoto zaidi ya sitini. Nilikuwa na monita mzuri wa mwandiko. Kila nikitoka ofisini nakuta karatasi mezani: wapiga kelele, namba moja mpaka kumi, wengine wamewekewa neno "sana" kwenye mabano. Nilikuwa nachapa kwa kufuata ile karatasi, aliye na "sana" anaongezewa. Mvulana mmoja hakukosa hata siku moja, na "sana" yake. Nilimchapa mwaka mzima. Siku moja nikapitia nyuma ya darasa, dirishani, nikasimama. Kelele zilikuwepo, tena za haja, na yule mvulana alikuwa ameinama anachora basi kwenye jalada la daftari, kimya kama hayupo. Jioni nikaiona karatasi: yeye namba moja, sana. Nilipofuatilia nikaambiwa kitu ambacho darasa zima lilikijua isipokuwa mimi. Jina lilikuwa linafutwa kwa ubuyu. Wenye ubuyu walitoka, wenye karanga walitoka, yeye hakuwa na kitu cha kutoa.

Aliacha shule Darasa la Sita. Mwaka 1996 nilipanda basi Msamvu, kondakta akaja kuniamkia, ndiye yeye, mtu mzima ana ndevu. Akakataa nauli yangu. Nauli ile hadi leo naona kama ninadaiwa.

Kwa hiyo zitoe zile karatasi kwenye droo uzichome. Usimwaibishe monita, yeye alifanya kazi uliyompa. Mbadilishie kazi. Kuanzia Jumatatu asikuletee orodha ya wapiga kelele, akuletee orodha ya waliokosekana, na mbele ya kila jina aandike ni nani anaishi jirani naye na amesema nini. Hilo nalo atalifanya kwa mwandiko wake mzuri. Mpe na msaidizi wa mlimani, msichana, maana yeye ndiye atakayejua kama mto umejaa. Kelele za darasa la watu 83 zishughulikie mwenyewe, kwa kuingia mapema na kuwapa kazi ya kufanya. Nyingi ya hizo kelele, nikuambie ukweli, ni za watoto wanaomsubiri mwalimu ambaye yuko ofisini anakunywa chai.

Kile kibao kina ugonjwa ule ule. Mtoto aliyevaa mbao hawazi Kiingereza, anawaza atamnasa nani. Anasogea walipo wenzake wanaocheka, anategesha sikio, na wao wakimwona wananyamaza. Ukiwa na watoto 83 ambao hawajajuana, huwezi kuwapa sababu nyingine ya kunyamaziana. Wanyamavu watazidi kunyamaza kwa lugha zote mbili. Lakini usiende kumbishia makamu ofisini mbele ya watu, wewe ni mdogo na yeye ana miaka yake ishirini. Nenda faragha, umwamkie, useme: "Naomba unipe mpaka mtihani wa katikati ya muhula. Ikishindikana, nitafuata utakavyosema." Mkubwa akiombwa muda ni vigumu kukataa. Halafu mwalike aje asikilize vitendawili vya Kiingereza siku vikundi vinaposoma.

Kuhusu kuchapa darasa zima, hilo simama nalo imara, tena bila kupandisha sauti. Kanuni za adhabu ya viboko zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimia kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Ni kwa kosa zito la mwanafunzi fulani. Darasa la watu 83 halina mahali pa kuandikwa kwenye kitabu hicho. Makamu wako anazijua kanuni hizi kuliko mimi.

Na methali yake ni nzuri, sina ugomvi nayo. Mwenye shamba asicheke na nyani. Ila angalia shamba lako vizuri: kwenye Kwanza B, nyani ni nani? Hawa watoto ndio mahindi yenyewe.

Sasa yule binti. Kwa yeye nitakuomba uende polepole. Usimsimamishe. Usiwaambie darasa wamwombe radhi kwa pamoja, maana sauti 82 zikimwimbia "tusamehe" atakuwa amechekwa mara ya pili. Mtafute wakati wa usafi, akiwa na wenzake wawili watatu, umuulize kitu cha kawaida: anatoka nyumbani saa ngapi, anapita njia gani, wanavuka wapi. Usikimbilie kuamini kwamba hizo siku mbili anazokosa ni kwa ajili ya kicheko tu. Inawezekana ni siku za gulio na anamsaidia mama kushusha ndizi. Inawezekana ni siku zake za mwezi na shuleni hakuna maji. Hilo mwachie mwalimu wa malezi wa kike alifuatilie, wewe usiliulize. Siku mbili zikiwa zile zile kila wiki, jibu utaliona kwenye daftari la mahudhurio kabla hujamuuliza yeye. Je, umeshaangalia ni siku zipi? Mimi hapa kwenye barua sioni.

Ukishajua, ndipo utajua cha kufanya: kuongea na mzazi, kumwona mwenyekiti wa kitongoji, au kumtafutia tu mwenzake wa kushuka naye. Na kwenye vitendawili, usimtaje. Kiweke kikundi chake kiwe na mtu mmoja mwenye subira wa medium (yupo, mtafute, si wote walipanda juu ya meza) na wale wawili anaoshuka nao mlimani. Acha atege kwa sauti ya chini ndani ya kikundi. Sauti kubwa itakuja ikitaka. Wengine inawachukua mpaka Kidato cha Pili, na bado ni wanafunzi wazuri.

Waliochelewa kuripoti: kila anayeingia mpe mwenyeji wa wiki moja, asitoke shule moja naye. Mwenyeji amwonyeshe choo, bomba, duka la mihogo na mwalimu wa kuogopwa. Na kama wahenga walivyosema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: siku ya tatu awe na kazi inayojulikana ni yake, hata kama ni kufuta ubao. Mtoto asiye na kazi darasani anajiona amekuja kutembea.

Sheria za darasa? Tunga nao, zisizidi tano, mzibandike, basi. Watu wanatumia muda mwingi sana huko, na baada ya Pasaka hakuna anayezisoma.

Jumatatu beba chaki, ule mchoro wako wa meza, na vitendawili vitatu kichwani endapo watakuonea aibu mwanzoni. Niandikie tena karibu na likizo, unieleze zile siku mbili za binti zilikuwa siku gani.

Na kiti cha F1B 23, kabla hujamwadhibu mtu, pita Kidato cha Pili jioni wakishatoka, angalia safu ya nyuma. Chukua na kisu kidogo ukwangue rangi ya juu. Viti vya Kwanza vikipotea usiku, miaka yote huwa vinalala huko.